Ukoo Ndani ya Simu: Mitandao ya Kijamii na Maisha ya Watu Kilimanjaro

Mitandao ya kijamii iliwakuta watu wa Kilimanjaro wameshatawanyika. Ardhi ya vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, ni finyu, na kihamba kinachogawanywa kwa watoto wa kiume kizazi baada ya kizazi hufika mahali hakigawanyiki tena. Ndiyo maana vijana wa Machame, Kibosho, Uru, Marangu na Rombo wamekuwa wakishuka mlimani tangu enzi za ukoloni kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Nairobi na hata ng'ambo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,861,934 mkoani Kilimanjaro, lakini ukoo wa Kichagga una watu wengi ambao usiku wa sensa walilala mikoa mingine, na bado kwao ni pale migombani walikozikwa babu zao.

Ukoo wa namna hiyo haujawahi kukosa njia za kupashana habari. Barua na vifurushi vilipitia kwa makondakta wa mabasi. Misiba ilitangazwa katika matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyumba nzima ilinyamaza kusikiliza jina la marehemu, mahali pa mazishi na msururu wa majina ya ndugu waliotakiwa kupata habari popote walipo. Moshi yenyewe ilikuwa na studio ya Sauti ya Injili ya Walutheri, ambayo vipindi vyake vya Kiswahili vilirushwa kutoka Addis Ababa tangu mwaka 1963 hadi serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitwaa kituo cha huko mwaka 1977. Baadaye zikaja simu za mkononi, na mwaka 2008 M-Pesa ikaanza Tanzania. Kwa hiyo simu ya kitochi iliweza kutuma hela kabla simu janja haijaenea vijijini, na kutangulia huko kuna maana kubwa. WhatsApp ilipopanda mlimani, watu walikuwa wamekwisha kuzoea kusaidiana kwa simu. Kilichoongezeka ni kuonana, na kuhesabiana mbele ya watu.

Mitandao yenyewe bado ni michanga. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009, Instagram mwaka 2010, na TikTok ilianza kuenea nje ya China mwaka 2017. Kati ya hiyo yote, uliogusa zaidi uhusiano wa ndugu, majirani na waumini wa Kilimanjaro ni WhatsApp, na hasa makundi yake.

Mtu mzima wa kawaida mwenye asili ya Moshi yumo katika makundi ambayo hawezi kuyataja yote bila kufungua simu: la ukoo, la tumbo moja, la wajukuu wa babu fulani, la waliosoma pamoja, la kwaya au jumuiya ndogondogo, la mtaa anakoishi, la kikoba, na yale ya muda ya harusi na misiba. Mwaka 2016 kundi moja la WhatsApp liliruhusiwa kuwa na watu 256. Tangu mwaka 2022 kikomo kimefika 1,024. Mwanaanthropolojia Robin Dunbar wa Uingereza alikadiria kwamba binadamu anaweza kudumisha uhusiano wa kweli na watu wapatao 150. Kundi la ukoo mkubwa huvuka idadi hiyo bila taabu, na faida yake inaonekana: binamu waliozaliwa miji tofauti wanajuana sura na majina kabla hawajawahi kupeana mikono, na kijana aliyekulia Mbagala anaweza kueleza yeye ni wa mlango gani, jambo ambalo baba yake alilijifunza kwa kukaa na wazee.

Ila kundi lina utaratibu wake, na utaratibu huo hauko sawa na wa ukoo. Katika kikao cha ukoo neno la mwisho ni la mkubwa. Katika kundi la WhatsApp mwenye mamlaka ni admini, na admini kwa kawaida ni kijana wa mjini mwenye simu nzuri na bando la kutosha. Yeye ndiye anayeingiza watu, anayefunga mjadala usiku ukianza kuchemka, na ambaye akitaka anaweza kumwondoa baba yake mkubwa kwa kubonyeza mara mbili. Wachache wangethubutu kumtoa mzee huyo kwenye kikao kilichokaa chini ya migomba. Vilevile anayesikika katika kundi ni anayeandika haraka. Mzee mwenye kitochi, ambaye ndiye anayejua mpaka wa kihamba ulipita wapi, hayumo kabisa. Husimuliwa na mjukuu yaliyojadiliwa, tena kwa ufupi.

Kuna waliopata sauti pia. Mabinti walioolewa, ambao kwa desturi hawakuwa na nafasi kubwa katika mazungumzo ya ardhi ya kwao, sasa wanasoma kila kinachosemwa kuhusu kihamba cha baba yao na wanajibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, lakini sheria iliyo Dodoma ilihitaji mahali pa kutajwa. Mara nyingine mahali hapo pamekuwa kundi la familia, ambamo dada wa Dodoma anaweka kifungu na kaka wa Himo anakosa jibu la haraka.

Jambo lingine halikutarajiwa na waliobuni programu hizi. Kichagga kina lahaja nyingi, na kwa wazungumzaji wake wengi ni lugha ya mdomo zaidi kuliko ya maandishi; wachache wamewahi kuandika barua kwa Kimachame, Kivunjo au Kirombo. Ujumbe wa sauti umeliondoa tatizo hilo. Bibi hana haja ya kujua kuandika wala kutafuta herufi ndogo kwa miwani. Anashikilia kitufe, anasalimia kwa lugha yake, analalamika kuhusu mguu, anauliza kwa nini mjukuu haoi, na ujumbe unafika Muscat au Minneapolis ukiwa na kikohozi chake. Mjukuu huenda akajibu kwa Kiswahili, lakini angalau amesikia.

Mahali ambapo mitandao imebadilisha uhusiano kwa kina zaidi, hata hivyo, ni kwenye michango. Harusi ya Kitanzania hugharamiwa na kamati, na Wachagga wameifanya kazi hiyo kwa bidii isiyo na mfano (ingawa watu wa mikoa mingine wanaosema hivyo kwa utani nao wanachanga vilevile). Zamani mwanakamati alizunguka na kadi za mchango. Aliyepewa kadi aliahidi, akalipa akijaliwa, na kiasi alichotoa kilibaki katika daftari la mweka hazina. Jirani hakukijua, na mwenyewe hakukitangaza.

Siku hizi kundi hufunguliwa miezi kadhaa kabla ya harusi. Watu huingizwa bila kuulizwa, hukuta picha ya maharusi watarajiwa na ujumbe mrefu unaoanza kwa salamu ya kidini na kuishia kwa namba ya simu ya mweka hazina, jina lake limeandikwa kama lilivyosajiliwa ili mtu asikosee. Chini yake huanza orodha. Namba moja, jina, ahadi. Namba mbili, jina, ahadi. Kila anayejitokeza hunakili orodha yote, huongeza jina lake mwishoni na kuirudisha kundini, na anayemaliza kulipa huwekewa alama ya vema mbele ya kiasi chake. Watu wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja hupotea, na hapo mwenye jina huandika kwa upole wa kulazimisha kwamba yeye alishaahidi tangu jana. Jioni mweka hazina hurekebisha, hujumlisha, na kuwataja wadaiwa kwa lugha ya shukrani.

Orodha hiyo imefanya mambo mawili kwa pamoja. Imeleta uwazi: hela ya harusi haiwezi kupotea kirahisi mbele ya macho ya watu 200, na ndugu aliye mbali anachangia siku hiyohiyo. Lakini pia imeondoa stara. Aliyeahidi 50,000 anaonekana chini ya shemeji aliyeahidi 300,000, na kila mtu anasoma. Watu huahidi kwa kuangalia aliyetangulia kuliko kuangalia mfuko wao. Asiye na uwezo hubaki na njia tatu: kukopa, kukaa kimya kwa wiki nyingi huku akipitwa na meseji za kukumbushwa, au kujitoa. Kujitoa nako kulionekana na wote, hadi mwaka 2022 WhatsApp iliporuhusu mtu aondoke kundini bila wengine kutangaziwa isipokuwa maadmini. Mwaka 2019 ilikuwa imeongeza mpangilio unaomwezesha mtu kuzuia asiingizwe kundini ovyo, lakini ni wachache wanaoutumia, kwa sababu kumkatalia shangazi ni kazi ngumu kuliko kubadilisha mpangilio wa simu.

Kwenye msiba faida ni kubwa zaidi na hasara ni ya aina nyingine. Mchagga akifia Dar es Salaam, mara nyingi hurudishwa kuzikwa kihambani, na safari hiyo inahitaji gari, jeneza, chakula na watu. Kundi la msiba hukusanya vyote hivyo ndani ya saa chache. Mazishi hurushwa mubashara, na mtoto aliyenyimwa ruhusa ya kazi London au Houston huona jeneza la mama yake likishushwa. Mtu asiwacheke wanaofanya hivyo, kwani kabla ya hapo walisubiri barua na picha. Lakini anayeishi Arusha, saa mbili tu kwa basi, naye ameanza kuona kwamba rambirambi iliyotumwa kwa simu inatosha. Kuchimba kaburi, kuchota maji, kumenya ndizi za watu 300 na kulala msibani hakutumiki kwa simu. Mzigo huo umebaki kwa wachache walio kijijini, wengi wao wanawake na watu wa makamo, na malalamiko yao hayaandikwi kundini kwa sababu muda huo wako jikoni.

Huko ndiko picha nzima inakoelekea: mitandao imewapendelea walio mbali, na gharama imeangukia walio karibu. Ndani ya nyumba ya Majengo au Pasua, mjini Moshi, jioni, watu wanne wanaweza kukaa sebule moja kila mmoja akiwa na watu wake ndani ya simu. Wanandoa wanagombana kwa vitu ambavyo kizazi cha jana hakikuvijua: alama mbili za buluu zinazoonyesha ujumbe umesomwa na haukujibiwa, saa ya mwisho mtu kuwa hewani, namba iliyohifadhiwa kwa jina la fundi bomba. Wivu ni wa kale. Ushahidi ndio umekuwa mwingi.

Utafiti wa wanauchumi wa vyuo vikuu vya Stanford na New York unatoa mwanga hapa. Mwaka 2018, kabla ya uchaguzi wa Marekani, waliwalipa watumiaji wa Facebook waufunge mtandao huo kwa wiki nne. Waliofunga walitumia muda mwingi zaidi na familia na marafiki, na walijisikia nafuu kidogo. Pia walijua habari chache zaidi za nchi yao. Matokeo hayo yanafaa kusomwa yote, maana wanaolaani mitandao hunukuu nusu ya kwanza na wanaoitetea hunukuu ya pili.

Kwa vijana hofu ni kubwa zaidi, na si Tanzania tu. Mwaka 2023 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa tahadhari kuhusu mitandao na afya ya akili ya vijana, na tarehe 10 Desemba 2025 Australia ilianza kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa. Kilimanjaro, mkoa wenye shule nyingi za bweni, wanafunzi wa sekondari hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Matumizi yao hujikusanya likizoni, na mzazi aliyemsubiri mtoto miezi mitano hukaa naye wiki nne akiwa ameinama.

Mlima wenyewe nao umeingia mtandaoni. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliizindua akiwa hukohuko mlimani. Mgeni anayetembea kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, anaweza kutuma picha nyumbani kwao kabla hajashuka. Wanaofaidika zaidi, pengine, ni wale wasioonekana katika picha hizo. Mke wa mgumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyoitwa, alizoea kukaa siku sita au saba bila neno lolote. Sasa hupata ujumbe kutoka njiani. Waongoza wageni vijana hutafuta wateja kwa Instagram na WhatsApp bila kupitia kwa wakala wa Ulaya. Urafiki uliozaliwa mlimani hudumu miaka kwa salamu za simu, na baadhi ya wageni huishia kumsomesha mtoto wa mtu aliyewabebea mizigo. Kwa upande mwingine, ajali ikitokea juu, habari huweza kushuka kwa WhatsApp na kufika kijijini kabla kampuni haijampata ndugu wa karibu.

Oktoba 2020 moto ulipozuka mlimani eneo la Whona, watu wa Moshi waliuona kwa macho usiku, na dunia iliuona kupitia kwao. Picha zilizopigwa kutoka mjini zilisambaa Twitter na Instagram ndani ya saa chache, na mjadala wa kitaifa kuhusu zana za kuzimia moto ukafuata, huku watu wa kujitolea na wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka wakipanda kusaidia kuuzima. Hapo mitandao ilifanya kazi ya umma ambayo gazeti la kesho yake lisingeiwahi.

Ugomvi wa mtandaoni una tatizo lake mahsusi. Maneno yaliyotamkwa kwenye kikao cha familia husahaulika au husimuliwa kwa kupunguzwa. Yaliyoandikwa hupigwa skrinishoti. Mtu akimtukana mdogo wake saa nne usiku kwenye kundi la ukoo, tusi hilo limesomwa na wakwe, watoto na watu wa Toronto. Wachagga wana njia yao ya kuomba radhi: isale, mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba na makaburini, ambao jani lake hupelekwa kwa aliyekosewa, mara nyingi likibebwa na mzee, na aliyeletewa huona vigumu kukataa. Nguvu ya isale iko katika kupelekwa na mtu, mbele ya mashahidi wachache. Neno "samahanini wote" lililoandikwa kundini haliwezi kufanya kazi hiyo, na familia nyingi zimelijua hilo baada ya kulijaribu. Zinasubiri Desemba, barabara ya Moshi ijae magari, ndugu wale Krismasi pamoja, halafu mambo yasemwe kwa mdomo.

Uongo nao umepata usafiri. Watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts walichunguza habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017, na mwaka 2018 wakaonyesha kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa kusambazwa zaidi ya ile ya kweli kwa asilimia 70, na kwamba wasambazaji wakuu walikuwa binadamu, si mashine. WhatsApp ilipunguza idadi ya watu au makundi ambayo ujumbe unaweza kusambaziwa kwa mkupuo: 5 tangu Januari 2019, na mtu au kundi moja tu tangu Aprili 2020 kwa ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, inayoadhibu usambazaji wa taarifa za uongo na uonevu wa mtandaoni kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo, au vyote viwili. Sheria hiyo imelalamikiwa kwamba huwafikia wakosoaji wa serikali haraka kuliko inavyowafikia matapeli, na lawama hizo zina uzito. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na haikuanza kurejea hadi Novemba 3. Kwa siku hizo familia zilizokuwa zimehamishia mawasiliano yao yote kwenye makundi zililazimika kutafutana kwa namba za simu, na wengine waligundua kwamba hawakuwa nazo.

Utapeli unaowapata watu wengi hauna siasa yoyote. Ni ule ujumbe mfupi wa "ile hela tuma kwenye namba hii", au akaunti ya ndugu iliyodukuliwa ikiomba mkopo wa haraka kwa lugha yake ileile. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliowekewa mwisho Januari 2020, haukuumaliza. Matapeli wanategemea desturi nzuri: katika jamii inayochangiana kila wiki, ombi la hela halishangazi mtu. Anayepokea ujumbe wa namna hiyo autume kwenda namba 15040, abonyeze *106# kuona kama kuna laini nyingine imesajiliwa kwa kitambulisho chake, na kabla ya kutuma chochote ampigie ndugu yake simu amsikie sauti.